Kiraka

Nalipwa kwa saa kusimama kati ya watu wawili
katika chumba chenye harufu ya mizizi,
ghorofa ya pili, Barabara ya Ngong,
juu ya duka la matairi.
Huku Daktari Guan, vidole vitatu juu ya kifundo cha mkono.
Huku Fundi Kisiangani wa Kamukunji,
miaka thelathini na mmoja akigonga bati liwe jiko.
Sikio lake la kushoto lilishastaafu,
kwa hiyo naongea na lile lililobaki kazini.

"Mwambie atoe ulimi."
Autoa. Zambarau pembeni,
utando katikati kama ukoko wa uji.
Daktari anatamka neno la silabi mbili
nami natafuta:
damu iliyoganda? Iliyonuna? Iliyotuama?
Nachagua iliyotuama.
"Kama mtaro wa Gikomba," asema fundi.

Neno la pili linanitoa jasho.
Nikisema nguvu, atadhani anaitwa mvivu.
Nikisema pumzi, atauliza, mbona napumua?
Nasema: kile kinachosukuma vingine vyote.
"Aa. Mlango wa jiko."

Tangu hapo nilikuwa pambo tu.
Daktari alisema mwili wake hauunguzi unachokula,
mabaki yanageuka ute na kuziba njia.
Fundi: "Majivu hayajakung'utwa."
Daktari alisema moyo mzima hupenda kuchoma mafuta,
ukikosa hewa hukimbilia sukari.
Fundi akacheka, akashika kifua.
"Ukiona mtu anapika kwa maboksi,
ujue mkaa umemshinda."

Vidole vitatu vikatulia.
Mapigo matatu, kimya.
Mawili, kimya.
Kwao mpigo wa namna hiyo wanauita fundo.

Hakuandika mizizi. Hakugusa sindano.
"Maumivu tangu lini?"
"Jumapili. Nilidhani kiungulia."
Ilikuwa Alhamisi.
"Mwambie," alianza, kisha akaniacha,
akasema mwenyewe kwa Kiswahili chake cha sokoni:
"Hospitali. Sasa. Kesho hapana."

Kenyatta hawakutazama ulimi.
Walichora moyo kwenye karatasi ya mistari,
wakachukua damu, wakarudi na namba.
Troponini, akasema daktari kijana:
protini ya msuli wa moyo,
makao yake ni ndani ya nyama,
na ukiikuta nje, mtaani, katika damu,
haina shughuli yoyote huko
ila kutoa ushahidi.
Sehemu ya ukuta imekufa. Alilisema hilo kwa Kiingereza,
na mimi niliyekuja na lugha mbili
nikakabidhiwa ya tatu
mbele ya mkewe.

Mama Khaemba alikuwa amefunga leso ndani nje.
Alinishika kiwiko.
"Mkweli ni nani? Yule wa ulimi au huyu wa namba?"
Miaka minne ya chuo, na tatu za kazi.
Nikamtafsiria saa za kuona wagonjwa.

Usiku, mpira wa oksijeni puani,
fundi aliniita upande wa sikio zima.
"Muulize. Palipokufa pataota tena?"
Niliuliza. Hapaoti. Panakuwa kovu.
Kovu hushikilia ukuta, lakini halidundi.

Akanyamaza.
Juu ya shuka mkono wake ulikuwa ukigonga,
polepole, bati ambalo halikuwepo.
"Kiraka," akasema. "Nimeviweka maelfu.
Kiraka hakishiki joto kama bati la kwanza.
Ila mwenye jiko asipolijaza mkaa hadi mdomoni,
anapika. Maharagwe yanaiva. Yanachelewa, yanaiva."

Kisha, kama mtu aliyekumbuka deni:
"Yule wa mizizi hakunitajia bei.
Atanidai ngapi
kwa kuninyima dawa?"

Hilo bado sijalitafsiri.